Luteni Cameron Mbele ya Baraza la Karagwe

Hoja iliyowekwa mbele ya baraza ni kwamba Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1844 na kufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi mwaka 1894, astahili kuhesabiwa miongoni mwa watu walioitendea Afrika hisani. Mtu huyu hakukanyaga Karagwe hata siku moja. Msafara wake uliondoka Bagamoyo mwaka 1873, ukapita Unyanyembe na Ujiji, ukavuka Ziwa Tanganyika, ukatokea pwani ya Atlantiki mwezi wa Novemba 1875; na ile njia ya kaskazini, itokayo Tabora kwenda Bweranyange kwa Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, aliiacha mkono wake wa kulia. Hata hivyo sioni mahali pafaapo zaidi kumhukumu kuliko hapa, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa zilizokuwa zamani dola moja, na ambazo mto wao Kagera umekuwa mpaka wa mataifa matatu, kwa kuwa mtu huulizwa juu ya njia alizowafungulia waliomfuata kama aulizwavyo juu ya njia alizopita mwenyewe.

Sauti nne nimezipa nafasi. Mwalimu mstaafu wa tarehe, mkazi wa Kayanga, anaitetea hoja. Mkulima wa kahawa wa Nkwenda anaipinga. Mfanyabiashara wa Murongo, mtu aliyeishi maisha yake yote ukingoni mwa Kagera akiitazama Uganda ng'ambo, atasema yake. Na Bibi wa Bweranyange atasema atakapopenda. Wasemaji nimewatunga mimi, lakini mambo wanayoyataja yalitokea, na mimi mwenyewe nitaingia katikati nitakapoona haja.

MWALIMU: Ndugu zangu, naanza kwa kuwaombeni insafu. Cameron alikuwa mtoto wa kasisi, akaingia jeshi la majini mwaka 1857 akiwa na umri wa miaka 13, akalelewa na bahari kama wengine walelewavyo na nyumba. Alishiriki vita vya Uhabeshi vya mwaka 1868, kisha akatumwa katika merikebu zilizokuwa zikiyawinda majahazi ya watumwa katika pwani yetu, na huko ndiko alikopata ile azma iliyompeleka bara, kwa maana aliona kwamba biashara ile haiwezi kukomeshwa baharini iwapo chemchemi yake inabubujika nchi kavu. Mwaka 1872 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimchagua ampelekee Dokta Livingstone msaada, naye akaondoka Uingereza pamoja na Sir Bartle Frere, mjumbe ambaye safari yake ya Unguja iliutangulia mkataba wa Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia saini na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hiyo ndiyo hewa aliyoivuta kijana huyu. Mnaweza kumlaumu kwa mengi, lakini msiseme kwamba chuki yake juu ya utumwa ilikuwa ya uongo.

Tazameni na mateso yake. Wazungu wenzake walikuwa watatu: Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, aliuawa na homa kabla hajafika Unyanyembe, Dokta Dillon alijipiga risasi katika wazimu wa homa, Luteni Murphy alirudi pwani. Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na sababu ya safari ilikuwa imeondoka, na Cameron macho yake yalikuwa yameingiwa na maradhi hata karibu ya upofu. Angerudi, hakuna ambaye angemlaumu. Akaenda mbele. Alifika Ujiji Februari 1874, akayakuta makaratasi ya marehemu akayapeleka pwani, akaizunguka sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na mwezi wa Mei akauona mto Lukuga, akatambua kwamba huko ndiko maji ya ziwa yatokeako kwenda Kongo, jambo lililowatatiza wanavyuoni kwa miaka. Mtu akitoa maarifa kama hayo kwa gharama kama hiyo, sisi tulio wanafunzi wa ulimwengu twapaswa kumshukuru.

MKULIMA: Mwalimu, wewe ulinifundisha kusoma ramani, nami nasema nawe kwa taadhima. Ushujaa wake siukatai. Ninalouliza ni hili: Livingstone alipokwisha kufa, msafara ule uliendelea kwa ajili ya nani? Wewe umetaja Lukuga ukanyamaza, mimi nitaendelea. Agosti 1874 Cameron alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akataka mitumbwi ateremke mto mpaka baharini. Hakuuziwa. Hamed bin Muhammed, ambaye watu humwita Tippu Tip, alimwonyesha njia nyingine ya kusini, akaishika hiyo. Basi ule mto hakuuteremka. Hakujua unapita wapi, wala nani wanakaa kando yake, wala wanajitawala namna gani. Na mwishoni mwa mwaka uo huo, akiwa bado bara, aliandika tangazo la kulitwaa bonde zima la Kongo kwa jina la Malkia wa Uingereza. Bonde zima, Mwalimu, la mto ambao alinyimwa mtumbwi wa kuuingia!

MWALIMU: Alikuwa amepatana na baadhi ya wakuu wa huko, waliokubali ulinzi wa Waingereza.

MKULIMA: Mkuu mmoja aweza kumkaribisha mgeni nyumbani kwake. Je, aweza kumpa na nyumba za watu asiowajua, wa nchi asiyopata kuiona, mwendo wa miezi? Mimi nina shamba la kahawa Nkwenda. Nikimpa mpita njia kivuli, siwezi kumpa Karagwe yote.

MWALIMU: Na serikali yake ilikataa. Lord Carnarvon, waziri wa makoloni, hakulipokea tangazo lile. Kwa hiyo ni karatasi iliyokufa siku ya kuzaliwa kwake, nawe wamhukumu mtu kwa jambo ambalo halikuwa.

MKULIMA: Nahukumu dhamiri, na karatasi ni shahidi wa dhamiri. Nionyeshe kwamba serikali ile ilikataa kwa kuwa wenye nchi hawakuulizwa, nami nitakaa chini sasa hivi.

Mwalimu hakuonyesha. Hapo naingia mimi mwandishi, kwa sababu jambo hili lina uzito ambao mabishano huweza kuupoteza. Si desturi njema kumtazama mtu wa zamani kwa jicho la leo na kumdai fikira ambazo zama zake hazikuwa nazo. Lakini Cameron hakuishi katika zama zisizojua kwamba nchi zina wenyewe. Alilala katika nyumba za watawala, akalipa hongo mipakani mwao, akangoja ruhusa zao. Katika mji wa Kasongo, mtawala wa Urua, alikaa miezi mingi akingoja idhini na mwenendo wa safari. Mtu aliyeomba ruhusa ya kupita hawezi kudai kwamba hakujua yupo wa kuombwa.

MFANYABIASHARA: Niruhusuni niieleze njia ya karatasi ile, maana Mwalimu anasema ilikufa, nami ninaishi ilikofikia. Cameron alipotokea Atlantiki habari zake ziliandikwa London mwanzoni mwa 1876, zikisifu utajiri wa nchi za ndani, na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa msomaji makini wa habari kama hizo. Uingereza ilipoukataa mzigo, yeye alikuwa tayari kuubeba. Septemba 1876 aliwaita Brussels wasafiri, wanavyuoni na maafisa wa Ulaya washauriane juu ya kuistaarabisha Afrika na kukomesha utumwa. Cameron alikuwamo. Amirali Leopold Heath, aliyepata kuziongoza merikebu zilizowinda majahazi ya watumwa, alikuwamo. Na sikilizeni enyi watu wa Karagwe: Kanali James Grant alikuwamo, yule yule aliyefika Bweranyange pamoja na msafiri mwenzake Speke Novemba 1861, na Speke alipokwenda Buganda yeye akabaki, amelala kwa kidonda cha mguu, akitunzwa na Rumanyika mpaka Aprili 1862. Mwafrika hakuwamo hata mmoja.

Katika mkutano huo ilizaliwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na kituo chake cha kwanza kilijengwa mwaka 1879 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wengi waliohudhuria yawezekana waliamini kwamba ni kazi ya rehema. Mwaka 1885 ilijulikana ni kazi ya nani, Leopold alipotambuliwa na madola kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Na yaliyowapata watu wa huko kwa sababu ya mpira wa msituni, ulimwengu wote umeyasikia. Kisha tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikagawana pande zetu. Mstari ulitolewa Ziwa Viktoria, ukapelekwa magharibi juu ya latitudo ya digrii 1 kusini, ukaambiwa uishie wapi? Uishie kwenye mpaka wa dola ya Leopold! Hapo ndipo karatasi ya Cameron na maisha yangu mimi zilipokutana.

MWALIMU: Mnyororo wako una pete nyingi, ndugu yangu, na si zote alizifua Cameron.

MFANYABIASHARA: Kweli. Nami sitaki kumtwika za watu wote. Nataka tu zionekane zote. Katika mkataba ule walitaja na mlima Mfumbiro, kwamba ukionekana uko kusini ya mstari, mstari ukunjwe uuache upande wa Waingereza, kisha urudi mahali pake. Walioandika hawakuwa na hakika mlima wenyewe uko wapi. Habari zake zilianza na Speke, aliyeviona vilele vya mbali akiwa juu ya vilima vya Karagwe. Akaviandika, na baada ya miaka 29 kilele alichokiona mgeni wa Rumanyika kikawa sharti katika mapatano ya madola, na mzozo wa mipaka ya huko haukukatwa mpaka mapatano ya mwaka 1910. Karagwe ilijikuta kwa Wajerumani. Novemba 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia, alijenga ngome Bukoba, na Omukama wa Karagwe akawa na mkubwa ambaye hakumchagua. Nasi tuliozaliwa baadaye tumekuta mstari mahali pengine unafuata mto, mahali pengine unauacha; kwetu Murongo unafuata maji, lakini chini huko Missenyi unakata nchi kavu, na kile kipande kilichobaki kati ya mstari na mto ndicho alichokivamia Idi Amin Oktoba 1978, akidai kwamba mto ndio mpaka. Watu walikufa kwa ajili ya latitudo.

BIBI: Mmesema sana habari za mipaka, wanangu, na ni kweli. Lakini mmeifanya Bweranyange kama nyumba ya mjinga aliyepokea wageni asijue wanalotafuta. Rumanyika hakuwa mjinga. Speke alipoingia kwake alisalimiwa kwa Kiswahili kizuri. Mwenyewe aliandika hivyo. Kiswahili kilifika hapa kabla ya Mzungu, kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na makao yao Kafuro, wakileta nguo na shanga, wakichukua pembe za ndovu. Rumanyika aliijua dunia ilivyo, akaipima faida yake, akawapokea wageni kama mtawala apokeavyo wajumbe.

MKULIMA: Mama, na watumwa? Njia ya Kafuro haikupita watumwa?

BIBI: Walipita. Sisemi kwamba kwetu palikuwa peponi, wala sipendi tarehe inayowafanya watu wetu kuwa malaika ili Wazungu wawe mashetani. Walipita, na waliowauza walikuwa na ndimi kama zetu. Ndiyo maana sikasiriki Mwalimu anapomsifu Cameron kwa kuuchukia utumwa. Ninalotaka kusema ni jingine, ni juu ya kupima. Speke alipokuwa hapa alikwenda kwa shemeji yake Rumanyika, mke wa kaka yake, mmoja wa wale wanawake wa jumba walionyweshwa maziwa hata wakawa wanene wasiweze kusimama vyema, maana ndivyo jamala na heshima zilivyokuwa. Akachukua kamba akampima: kifua, mkono, paja, akaandika kila kipimo katika daftari, akakichapisha kitabuni. Mwanamke wa nyumba ya mfalme! Ili akubaliwe alimwonyesha yeye naye mikono na miguu yake iliyo wazi, lakini vipimo vyake mwenyewe hakuviandika. Nikisikia kwamba Cameron alipima urefu wa milima na kina cha mito, ninamkumbuka mwanamke yule. Hakuna ubaya katika kupima. Ubaya ni kwamba daima aliyeshika kamba alikuwa mmoja.

Baraza lilikaa kimya kidogo, nami nakiri kwamba katika hoja zote zilizotolewa sikusikia iliyonigusa kuliko hiyo, kwa sababu inalifika jambo ambalo wasomi wa ramani huliruka: kwamba maarifa yale yaliyosifiwa na Mwalimu, na yaliyo ya kweli na yenye manufaa, yalikusanywa kwa mkono mmoja na kuwekwa katika hazina moja, na ilipofika siku ya kugawana, aliyekuwa na hazina ndiye aliyegawa.

MWALIMU: Bibi amenena, na sitabisha. Lakini kama twasema juu ya wanawake, niacheni nimtetee kwa jambo moja zito. Akiwa Urua, Cameron alifuatana na msafara wa José Antonio Alvez, mfanyabiashara wa watumwa kutoka upande wa Wareno, maana hakuwa na njia nyingine ya kufika pwani. Siku moja mtu wa kundi lile, Coimbra, alirudi na wanawake 52 waliofungwa kamba, baadhi yao na watoto mgongoni. Cameron alikadiria kwamba vijiji visivyopungua 10 viliangamizwa ili wapatikane hao, akayaandika yote, majina na hesabu, akayaanika mbele ya Ulaya. Nani mwingine aliyewaandika wanawake wale? Bila ya kalamu yake wangepotea kabisa.

MKULIMA: Akaandika, kisha asubuhi akaendelea na safari katika msafara uo huo.

MWALIMU: Ungefanya nini wewe? Ungejitenga, ufe njiani na watu wako wote, na habari ife nawe? Alifika Catumbela, kwenye pwani ya Atlantiki, mwenyewe karibu kufa kwa kiseyeye. Na baadaye aliwatafutia watu wake jahazi kubwa, likawazungusha kwa Rasi ya Tumaini Jema mpaka Unguja, asiwatupe katika pwani ya ugenini kama wengine walivyofanya.

MKULIMA: Sina jawabu la swali lako, Tata. Pengine ningefanya kama yeye. Ila ningeona haya baada ya hapo kwenda kukaa katika mkutano unaosema kwamba mabwana wa Ulaya ndio watakaowaokoa Waafrika, hali mimi nimeokolewa na Waafrika kila siku ya safari.

BIBI: Hapo umefika ninapotaka. Nani alikuwa mkuu wa wapagazi wa Cameron?

MWALIMU: Sidi Mubarak Bombay.

BIBI: Haya, Mwalimu, utuambie habari zake.

MWALIMU: Mubarak alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akapata uhuru akarudi Unguja. Alikwenda na Burton na Speke mpaka Ujiji kati ya mwaka 1857 na 1859, kisha na Speke na Grant mpaka chimbuko la Nili, kisha na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, na mwisho na Cameron kutoka bahari hadi bahari.

BIBI: Basi na Speke alipita wapi?

MWALIMU: Alipita hapa. Mwaka 1861 alikuwa Bweranyange, kwa Rumanyika.

BIBI: Unaona. Tumekaa tukimjadili mtu ambaye hakufika kwetu, na msaidizi wake alisimama mbele ya Omukama wetu, akanena kwa niaba ya wageni, akala chakula chetu. Alijua utumwa ni nini kuliko Cameron, maana ulikuwa juu ya mwili wake. Na nchi alizozipita hakuzitangaza kuwa zake.

MFANYABIASHARA: Walipewa nini wawili hao?

MWALIMU: Cameron, nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Jiografia mwaka 1876, na cheo cha kamanda. Mubarak, nishani ya fedha na malipo kidogo kila mwaka. Alikufa mwaka 1885.

MKULIMA: Na wale waliobeba maiti ya Livingstone?

Mwalimu aliieleza habari hiyo pole pole, nami naiandika kama alivyoieleza, kwa kuwa inamhusu Cameron kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 20 Oktoba 1873, Cameron akiwa mgonjwa Unyanyembe, Chuma, mmoja wa watu wale, aliingia na barua iliyoandikwa na mwenzake Jacob Wainwright kwamba Livingstone amekufa katika nchi ya Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, na kwamba wenzake wanakuja nyuma na maiti waliyoikausha kwa chumvi na jua na kuifunga katika gome la mti. Cameron aliwashauri waizike pale pale, njia ya pwani ikiwa ndefu na yenye hatari. Walikataa. Waliona ni dhima yao kumfikisha bwana wao kwa jamaa zake, wakaibeba mpaka Bagamoyo, na Aprili 1874 akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Vyombo vya kupimia vya marehemu walikuwa wamevihifadhi kwa uaminifu safari yote wavipeleke kwao. Cameron alivichukua vingi vyake atumie katika safari yake, wala wao hawakuridhika.

MKULIMA: Walikuwa watu huru, hawakuwa tena na bwana wa kuwaamuru, wakatoa shauri lao, na shauri lao likawa bora kuliko la afisa. Hapo alikuwa na nafasi ya kujua kwamba watu hawa wanajiongoza. Mwaka mmoja baadaye akaandika lile tangazo.

MWALIMU: Basi naiondoa hoja yangu kama ilivyoandikwa. Siiondoi kwa kuwa Cameron alikuwa mbaya. Bado naamini alikuwa na moyo safi kuliko wengi waliomfuata, na mnyororo wa Leopold haukuwa nia yake. Naiondoa kwa sababu imeuliza ni nani aliyeitendea Afrika hisani, ikampa jibu Mzungu mmoja kabla ya majina mengine kutajwa.

MFANYABIASHARA: Na ramani?

MWALIMU: Ramani ibaki darasani, na mstari wa 1890 uwe juu yake, na njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Kafuro ichorwe vilevile, ili mtoto wa Kyerwa aone ni upi uliowekwa na miguu ya watu na upi uliowekwa na rula.

Bibi aliomba kikao kijacho kiwe juu ya Sidi Mubarak Bombay, na hoja iandikwe hivi: kwamba yeye, wala si Cameron, ndiye anayestahili kutajwa kwanza kati ya waliolivuka bara hili kutoka bahari hadi bahari. Mkulima alisema ataipinga, maana Mubarak naye aliwaongoza wageni waliokuja kuandika, na jambo hilo lapasa kuulizwa bila ya upendeleo. Mwalimu akajitolea kuitetea.